Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mahakama, maji na mirathi zetu

Assalaam alaykum. Wazee wetu, mama zetu na ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Mimi nitasema juu ya mirathi, kwani ndiyo kazi iliyotuchukulia muda mwingi mwaka huu, nami naomba radhi nikianzia mbali.

Wageni wanaokuja kutazama magofu hapa Kilwa Kisiwani huuliza kama Gereza ndipo watu walipohukumiwa. Sipo. Ile ilikuwa ngome: Wareno waliijenga 1505, Waomani wakaijenga upya baadaye, na jina lenyewe limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa karne ya 14, alikaa katika jumba la Husuni Kubwa, na kati ya kuta zile umo ua ambamo inaaminika alikutana na watu. Msafiri Ibn Battuta alifika 1331. Anasimulia kwamba fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha sultani huyo njiani, sala ya Ijumaa imekwisha, akamwomba nguo alizovaa. Sultani aliingia nyumbani kwa khatibu, akavaa nyingine, akampa zile. Kisa hiki nakipenda kwa ajili ya ile njia ya msikitini: mwenye haja alimfikia mwenye uamuzi kwa miguu yake.

Enzi ya Wajerumani mamlaka yalikuwa Kilwa Kivinje, kule bara, na huko ndiko walikomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi aliyewapinga, mwaka 1895. Pale pangali panaitwa Mwembe Kinyonga. Waingereza nao waliwaachia maliwali, wale watawala wa miji ya pwani, kesi nyingi za watu wa pwani. Sheria ya 1963 ikamaliza utaratibu huo, zikaja mahakama za mwanzo. Wazee hawakutupwa: sheria ya 1984 iliagiza hakimu aketi na wazee wa baraza wasiopungua wawili, kura zao zihesabiwe pamoja na yake. Kwa watu wa minazi na mashamba yasiyo na hati, mzee anayejua nani alipanda mnazi upi ana thamani kubwa mahakamani.

Sisi mahakama tunaivukia maji, Kilwa Masoko, upande wa bara. Kusi likivuma, mashua haiondoki unapotaka wewe. Familia moja tuliyoisindikiza ilifika shauri limekwisha kuahirishwa, mjane akarudi na nauli imekwenda. Iliniuma sana. Tumeandika barua kuomba mashauri ya watu wa Kisiwani yaitwe baada ya saa nne asubuhi. Majibu hatujapata, nasi tutaendelea kufuatilia.

Hata hivyo ucheleweshaji mwingine tunaufanya wenyewe, na hili nalisema kwa uchungu. Matanga yanaanuliwa, ndugu wanatawanyika kwenda Dar es Salaam na Lindi, muhtasari wa kikao cha ukoo haujaandikwa. Miaka inapita, mmoja anauza shamba, ndipo wote wanakumbuka mahakama. Msimamizi wa mirathi naye, akishateuliwa, hudhani mali imekuwa yake. Siyo yake. Ana miezi minne kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni, kisha aeleze jinsi alivyogawa. Asiyeridhika na uamuzi wa mahakama ya mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya, na siku hizo zinahesabiwa hata kama bahari imechafuka.

Kamati imewapata vijana wawili wenye mwandiko mzuri watakaoandika mihtasari ya vikao bila malipo. Wataanza Ijumaa ijayo baada ya sala, barazani pa msikiti. Mwenye mirathi isiyofungwa aje na cheti cha kifo na majina ya warithi wote, wanawake wakiwemo, na walio mbali wakiwemo. Kama cheti hamna, njooni hivyo hivyo, tutaanzia hapo.