Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msimu Mpya na Wanaokalia Viti

Ndugu wanachama wa okestra yetu,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawashukuru kwa kuitikia wito wa mkutano huu mkuu. Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Itoshe kusema kwamba tumeufunga mwaka bila deni. Muda wangu naomba niutumie kwa swali ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza tangu ratiba ya msimu mpya itoke: kwa nini tumechagua kazi hizi za muziki, na kwa nini hakuna mpigaji mgeni hata mmoja kwenye bango?

Safari hii kamati ya programu haikuanza na orodha ya kazi, ilianza na viti. Tuliuweka mezani mchoro wa jukwaa, tukapita kiti kimoja kimoja tukiulizana: huyu aliyekaa hapa, msimu uliopita alipiga nini? Kwa fidla ya kwanza swali halikutusumbua. Tulipofika kwa wapiga tromboni, ala za shaba zenye mrija wa kuvuta, tuliona aibu. Wenzetu hawa wamekuja mazoezini wiki baada ya wiki, wamefungua masanduku yao, wamepaka mafuta mirija, kisha sehemu kubwa ya jioni wamekaa kimya wakihesabu mapigo hadi zamu yao ifike. Mpiga tuba, ile ala ya shaba kubwa kuliko zote, hali yake ilikuwa mbaya kuliko hiyo. Chama hiki ni cha wanamuziki wote wanaolipa ada, na haiwezekani baadhi yao wawe wasikilizaji wa kudumu wanaokalia upande wa pili wa jukwaa.

Kwa hiyo tamasha la pili la msimu limejengwa juu ya simfoni, yaani kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa: Simfoni ya Kwanza ya mtunzi Florence Price. Nawaomba mumfahamu mama huyu kabla hatujagusa noti zake. Alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887, na simfoni hii ilipigwa kwa mara ya kwanza na okestra ya Chicago tarehe 15 Juni 1933. Hakuna mwanamke Mmarekani mweusi kabla yake ambaye simfoni yake ilipigwa na okestra kubwa ya nchi ile. Alipofariki mwaka 1953, jina lake lilififia. Mwaka 2009 rundo la maandishi yake ya muziki lilikutwa ndani ya nyumba iliyotelekezwa huko Illinois, na tangu hapo dunia imeanza kumrudia. Sehemu ya pili ya simfoni inafunguliwa na ala za shaba zikiimba taratibu kama kwaya ya kanisani, na nyuzi zote zimenyamaza. Hiyo ni kazi ya watu wetu wa nyuma. Sehemu ya tatu inaitwa Juba, jina la ngoma ya Waafrika waliokuwa watumwa Marekani, na wapiga ngoma wetu tayari wameshanisumbua wakitaka karatasi zao mapema.

Tamasha la ufunguzi lina Simfoni ya Tano ya Beethoven. Mtaniambia kwamba humo pia tromboni zinasubiri, na ni kweli: zinasubiri sehemu tatu nzima, pamoja na pikolo, filimbi ndogo kali, na kontrabasuni, ala ya kupuliza yenye sauti nzito. Lakini kuna kusubiri na kusubiri. Zinapoingia mwanzoni mwa sehemu ya nne, ukumbi mzima unabadilika rangi, na aliyekaa kimya zaidi ya dakika ishirini anajua kimya kile kilikuwa cha nini. Kazi hii ilisikika mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, katika tamasha lililochukua kama saa nne ndani ya ukumbi wenye baridi kali, na wapigaji hawakuwa wamefanya mazoezi ya kutosha. Kazi ya mwisho usiku ule iliharibika katikati, ikabidi isimamishwe na kuanzwa upya. Nalitaja kwa sababu baadhi yenu bado mnalibeba tamasha letu la mwisho, lile tuliloachana njia kwenye mpito wa sehemu ya tatu. Utueni mzigo huo, jamani. Kamati imeongeza wiki mbili za mazoezi kabla ya ufunguzi, na kosa la mara ile lilikuwa letu sisi wapangaji, wala si la wapigaji.

Jioni hiyohiyo tutapiga Sinfonia Concertante ya Mozart ya mwaka 1779, ya fidla na viola zikiwa mbele ya okestra. Zamani tungemwita mgeni. Safari hii wapigaji wote wawili ni wanachama. Viola ni ala inayosahaulika: iko katikati, haina ukali wa fidla wala kina cha selo, na mara nyingi inajaza tu. Mozart alijua inaweza kumezwa, akaandika karatasi ya mpiga viola kana kwamba kazi iko nusu toni chini, kisha akataka nyuzi zake zikazwe nusu toni juu ya kawaida ili sauti ing'ae na kutoboa. Siku hizi wengi hawafanyi hivyo. Kiongozi wetu wa viola ameamua kufanya. Nimemkuta wiki iliyopita chumba cha pembeni, sikio limeinama juu ya ala, anapiga uzi mmoja, anausikiliza ukiteremka taratibu, anaukaza tena, anasubiri, unateremka tena. Ameniambia nyuzi zinahitaji kama wiki mbili kuzoea mkazo huo. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni kwake kwa muda mrefu.

Hapa niseme kuhusu pazia, maana limeleta maneno. Nafasi ya kiongozi wa fidla ya pili ilipobaki wazi, kamati iliamua usaili ufanyike nyuma ya pazia, kama ambavyo okestra nyingi kubwa zimekuwa zikifanya tangu miaka ya 1970. Tulitundika kitambaa cheusi kutoka darini hadi sakafuni, tukatandika zulia kutoka mlangoni hadi kwenye kiti ili hata viatu visije vikasema aliyeingia ni nani. Kila mwombaji alipewa namba. Namba saba alianza vibaya. Upinde ulitetemeka juu ya uzi, tukausikia ule mkwaruzo mdogo kabla noti haijatulia, kisha kimya. Kanuni inamruhusu mtu kuanza upya mara moja, na msimamizi akamkumbusha. Tukasikia akivuta pumzi ndefu. Alipoanza tena, waliokuwa wakiandika waliacha kuandika. Pazia lilipofunguliwa alikuwa mwenzetu aliyekaa stendi ya mwisho ya fidla ya pili miaka yote hii, karibu na mlango, ambapo hata kondakta humwona nusu. Nimekuwa nikimwamkia kila mazoezi. Sikuwahi kumsikia.

Wapo waliolalamika kwamba pazia linadharau utumishi wa muda mrefu. Nimewasikiliza kwa heshima, na najua wanazungumza kwa uchungu. Lakini utumishi wa muda mrefu ndio uliokuwa nyuma ya pazia siku ile, na bila pazia nina hakika tusingeuona. Utaratibu utaendelea kwa nafasi zote za uongozi wa makundi.

Suala la chumba cha mazoezi halijakwisha. Unyevu wa msimu wa mvua umefanya besi moja ifunguke kwenye mshono wa ubavu. Fundi ameifunga tena, na ametueleza kwamba gundi inayotengenezwa kwa ngozi za wanyama hutumika makusudi kwa kuwa ni dhaifu kuliko mbao: ni afadhali mshono uachie kuliko ubao upasuke. Hata hivyo hatuwezi kuishi kwa kutegemea gundi. Mwenye jengo ameandikiwa barua tatu na hajajibu hata moja, na kamati inatafuta chumba kingine. Hadi hapo naomba besi na selo zisiachwe humo usiku.

Jingine ni masikio. Msimu wenye shaba nyingi unawafurahisha wanaopiga shaba na kuwaumiza wanaokaa mbele yao, na wanaokaa mbele yao ni hao hao wapiga viola. Wataalamu wa afya kazini wanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda ulio salama unapungua kwa nusu. Mbele ya tromboni zinazopiga kwa nguvu kikomo hicho kinapitwa upesi mno. Tutainua safu ya shaba kwenye majukwaa madogo ili sauti ipite juu ya vichwa, tutaweka ngao za plastiki angavu, na kila anayetaka vizibo vya masikio atapewa. Naomba asionekane mtu akimcheka mwenzake aliyevivaa.

Tamasha la tatu ni Simfoni ya Tisa ya Dvořák, iliyosikika kwanza New York mwaka 1893. Wimbo wake wa sehemu ya pili unabebwa na kor anglee, obo kubwa yenye sauti ya chini, jamaa wa mbali wa zumari, na mpigaji wetu amengoja kazi hii tangu ajiunge. Tuba ina noti chache tu katika simfoni nzima, na matoazi yanagongwa mara moja tu. Mpiga tuba amekwisha kuniambia kwamba baada ya Price hana kinyongo.

Msimu utafungwa na Simfoni namba 45 ya Haydn, ya mwaka 1772. Inasimuliwa kwamba wanamuziki wa Prinsi Esterházy, mwajiri wa Haydn, walikuwa wamezuiliwa kwenye kasri la mashambani muda mrefu kuliko walivyotarajia, wake zao wakiwa mbali, na Haydn akamfikishia prinsi ujumbe kwa muziki: katika sehemu ya mwisho mpigaji mmoja mmoja anamaliza noti zake, anazima mshumaa, anaondoka, mpaka zinabaki fidla mbili zilizozibwa sauti. Tumeichagua kwa ajili ya mzee wetu wa selo, ambaye vidole vyake havimruhusu kuendelea baada ya msimu huu. Tulitaka kumwandalia hotuba na zawadi jukwaani. Alikataa. Alichoomba ni kutoka pamoja na kundi lake pale Haydn alipowapangia wapiga selo kutoka, azime taa ya stendi yake kama wengine, na asitajwe kwenye kitabu cha programu. Tumekubali, na naomba nasi wanachama tumheshimu hivyo: atakapopita, tusisimame wala tusipige makofi, kwa sababu fidla zitakuwa bado zinapiga.

Mazoezi ya kwanza yataanza na Price. Karatasi zake ni za kukodi na zitarudi kwa mchapishaji, kwa hiyo tafadhali njooni na penseli, si kalamu ya wino.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti