Wabunifu, tumeni mafaili yanayokatika

Mhariri,

Mimi ni mkata stika za daladala na bajaji hapa Mwanza. Naomba nafasi niseme na wabunifu wa michoro, kwa kuwa lawama za kazi mbovu huishia mezani kwangu, na dereva akishakasirika hataki kusikia habari za programu.

Kinachonisumbua kuliko vyote ni vipimo. Mbunifu anachora maneno ya kioo cha nyuma kwenye Illustrator, programu ya kuchorea, upana sentimita 120, anahifadhi kwa SVG, aina ya faili la mchoro wa mistari, na kunitumia. Mimi natumia Inkscape, programu nyingine ya kuchorea, ambayo ni ya bure. Nikifungua, naona sentimita 90. Hakuna aliyepima vibaya. Illustrator inahesabu nukta 72 kwa inchi, Inkscape inahesabu 96 (kabla ya toleo la 0.92 la mwaka 2017 ilikuwa 90, kwa hiyo mafaili ya zamani yana vurugu zake), na SVG ile imebeba namba tupu, haisemi ni sentimita au inchi. Anayejua hukuza mchoro hadi asilimia 133.33, kazi ikaendelea. Asiyejua anakata, na vinaili, ile plastiki ya stika, ikishakatwa haiungwi. Nitumieni PDF, hiyo hutunza vipimo halisi. Tena niandikieni kwenye ujumbe upana mnaoutaka, kwa sentimita, nilinganishe kabla ya kuwasha mashine.

Fonti nayo. Mara nyingi faili hubeba jina la fonti tu, si herufi zenyewe. Kompyuta yangu isipokuwa nayo inaweka nyingine, na ile "Mungu Mkubwa" mliyoipamba kwa mikia inatoka kama barua ya serikali. Geuzeni maandishi yawe mistari kabla ya kutuma: CorelDRAW ni Ctrl+Q, Illustrator ni Ctrl+Shift+O. Ila bakini na nakala isiyogeuzwa, maana mteja atarudi kubadilisha namba ya simu. Hurudi tu.

Wanaotuma AI, yaani faili la Illustrator lenyewe, wakati wa kuhifadhi msiondoe tiki ya PDF. Ikiondoka, nafungukiwa na ukurasa wa sentensi za Kiingereza, mchoro hakuna.

Na nembo ya JPG, hata ukiipachika ndani ya PDF, bado ni picha. Kisu hakina mstari wa kufuata. Naweza kuichora upya, lakini hiyo ni kazi nyingine na ina bei yake.

Mkata stika,
Mwanza