Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kupanda na Kuanguka kwa Chen Duxiu

Ndugu wanachama,

Somo letu kuu mwaka huu lilikuwa Chen Duxiu, kiongozi wa kwanza wa Chama cha Kikomunisti cha China. Msimamo wa kamati ni huu: maafa ya mwaka 1927, wakomunisti walipouawa na ushirikiano wao kuvunjika, alitwishwa yeye, ilhali maagizo mazito yalitoka Moscow.

Alipandishwa na kalamu. Mwaka 1915 alianzisha jarida la Vijana Wapya mjini Shanghai. Juni 1919 akakamatwa Beijing akigawa vipeperushi. Mkutano mkuu wa kwanza wa chama, Julai 1921, ulimchagua akiwa hayupo, kwani alikuwa Guangzhou. Wanachama nchi nzima walikuwa hamsini na kitu.

Anguko lake wengi hulianzia 12 Aprili 1927, Chiang Kai-shek, jenerali wa Kuomintang (chama cha wazalendo wa China), alipoanza kuwaua wakomunisti Shanghai. Hapo ndipo usomaji unapokosewa. Turudi 1922: mjumbe wa Kominterni, shirika la vyama vya kikomunisti duniani lililoongozwa na Moscow, aliwataka wakomunisti wajiunge na Kuomintang mmoja mmoja. Chen alipinga, kisha akatii. Chiang alipowabana Guangzhou, Machi 1926, Chen alipendekeza watoke, wabaki washirika wa nje. Moscow ikakataa. Mwishoni mwa Mei 1927 ikaja telegramu ya Stalin: liundwe jeshi la wakomunisti 20,000 pamoja na wafanyakazi na wakulima 50,000. Lakini majeshi yalikuwa chini ya majenerali wa Kuomintang, na chama kilikuwa kimezuiwa kwa miaka kujenga jeshi lake. M. N. Roy, mjumbe wa Kominterni, akamwonyesha telegramu hiyo Wang Jingwei, kiongozi wa serikali ya Kuomintang mjini Wuhan, iliyokuwa bado ikishirikiana na wakomunisti. Julai Wang akavunja ushirikiano. Tarehe 7 Agosti kikao cha dharura Hankou kikalaani uongozi wa Chen.

Hatumsafishi. Wiki moja kabla ya mauaji ya Shanghai alitoa tamko la pamoja na Wang, wakikanusha uvumi kwamba vyama hivyo viwili vinakaribia kugombana. Wafanyakazi waliohitaji kuonywa walitulizwa. Kosa hilo ni lake, na ni kubwa.

Novemba 1929 alifukuzwa chamani, akajiunga na wafuasi wa Trotsky, mpinzani wa Stalin. Kuomintang, ambayo tayari ilikuwa imewaua wanawe Yannian na Qiaonian, ilimkamata Oktoba 1932. Kifungo cha miaka 13 kikapunguzwa hadi 8. Akaachiwa Agosti 1937, akafa maskini Jiangjin, 27 Mei 1942.

Kwa mwaka ujao, kila kikundi kichore jedwali la safu tatu: siku agizo lilipotumwa, siku lilipopokelewa, na nani alishika silaha siku hiyo. Bila safu ya tatu, kila agizo huonekana lilitekelezeka.

Kamati inapendekeza tuendelee na Qu Qiubai, aliyeshika uongozi baada ya Chen na kupigwa risasi Juni 1935. Pendekezo litapigiwa kura kwenye mkutano mkuu.

Mwenyekiti