Barua kwa mwanangu: misumari haihesabiwi mmoja mmoja

Marahaba mwanangu,

Barua yako imefika jana, pamoja na lile jaribio la kemia lililojaa wino mwekundu. Sikukasirika. Nimelisomea hapa dukani, nimekaa juu ya mifuko ya saruji, nikaona kinachokusumbua ndicho kilichonisumbua mimi nilipokuwa kidato cha tatu: mabano.

Umeandika kuwa chokaa, Ca(OH)₂, ina atomu 4. Ni 5. Ile 2 ya nje ya mabano umempa H peke yake, O ukamnyima. Nikikwambia unifungie vifurushi viwili, kila kimoja bolti na nati yake, utaniletea bolti moja na nati mbili? Kalsiamu moja, oksijeni mbili, haidrojeni mbili. Basi.

Swali la msumari ndilo lililonichekesha. Uliulizwa una atomu ngapi, ukajibu "hazihesabiki". Wewe, uliyekulia duka hili hili! Lini uliniona nahesabu misumari? Fundi akitaka 500, nahesabu 10, naipima, halafu mizani ndiyo inanihesabia iliyobaki. Wanakemia nao ni wauza misumari tu, ila fungu lao ni kubwa: moli moja, yaani 6.022 × 10²³. Tangu 2019 namba hiyo imewekwa rasmi, haipimwi tena. Inaitwa ya Avogadro, Mwitaliano aliyefariki 1856 bila kuijua. Mfaransa Jean Perrin ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1909.

Leo asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, nimepima misumari 10 ya inchi tatu. Gramu 56! Nikarudia, nikidhani mizani imenidanganya. Moli moja ya chuma nayo ni gramu 56 hivi. Kwa hiyo misumari ile kumi kiganjani mwangu ilikuwa moli nzima, na mmoja wake una atomu kama 6 ikifuatwa na sifuri 22. (Najua, msumari una kaboni kidogo. Mwalimu hatakunyima alama kwa hilo.)

Sasa chukua maji gramu 18, kijiko cha mezani na ushee. Molekuli zake ni nyingi sawasawa na atomu za ile misumari kumi, lakini kila molekuli ina atomu 3, kwa hiyo atomu za maji ni mara tatu. Hapo wengi huteleza: wanaulizwa atomu, wanajibu molekuli.

Nami nakupa moja. Lile jiwe la shabu ambalo bibi yako husafishia maji ya kisima ni KAl(SO₄)₂·12H₂O. Lina atomu ngapi katika fomula moja? Angalia, Al ni elementi moja, na 12 inazidisha maji yote, si H tu. Jibu langu liko nyuma ya risiti iliyomo ndani ya bahasha. Usiigeuze kabla hujapata lako.

Mama yako