Mjomba, hawa ndege ni wa huko kwenu

Mjomba, shikamoo.

Uliniuliza kwenye simu kutoka Maskati, tena kwa kicheko, nafuata nini Mida, hapa Watamu pwani ya Kenya, kutwa nzima kwa ndege ambao hata kitoweo si kitoweo. Nakujibu hadharani, maana si wewe peke yako unayeniuliza.

Kwanza, huku saa ni ya maji. Ukifika hori ya Mida maji yamekupwa kabisa, ndege wametawanyika mbali kwenye tope, utaona vitone tu. Mimi huingia maji yanapoanza kujaa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa sana. Bahari yenyewe inawasogeza, ndege sululu na vitwitwi pamoja, hadi mbele ya kibanda kilicho mwisho wa lile daraja la kuning'inia juu ya mikoko. Kiingilio husaidia karo za watoto wa vijiji vya hapa, basi nalipa bila kunung'unika. Wapo wanaoshuka topeni kuwakimbiza ndege ili wapate picha. Hao siwaelewi. Kuna kitwitwi anayekula hapa ili anenepe, ifikapo Aprili au Mei aruke hadi Siberia; kila anaporushwa bure anapungua.

Lakini ninayemfuata hasa ni yule mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama koleo. Juzi mmoja alisimama kimya, ghafla akatimua mbio, akamnasa kaa, akamkung'uta hadi gando likang'oka. Kabla hajameza, mtoto wake mwenye mgongo wa kijivu akamjia analia, akapewa. Mtoto huyo ameshavuka bahari kwa mbawa zake mwenyewe, na bado anataka kulishwa! (Katika ukoo wetu wapo wa namna hiyo, siwataji.)

Sasa sikiliza. Hawa hawazaliwi kwetu. Wanataga huko kwenu, Oman na Ghuba, na Bahari ya Shamu pia, kuanzia Aprili joto linapopamba moto. Huchimba mashimo mchangani, kila jike yai moja jeupe, na joto la mchanga linasaidia kuliatamia. Wakishakuza ndipo wanateremka huku.

Kwa hiyo ukienda kisiwa cha Masira huko Oman, waulize wavuvi kama wanayajua mashimo hayo, unijibu. Na ukija Desemba niletee darubini, huku bei haishikiki. Makubadhi yako mazuri yaache Maskati. Tope la Mida halichagui mgeni.