Sir si Lodi, na si kila Sir hurithiwa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mauaji ya 1941 kule Karen, Nairobi, niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kesi yenyewe mmeisimulia vizuri, lakini vyeo vya Kiingereza vya wahusika mmevichanganya kuanzia aya ya kwanza. Aliyeuawa mmemwita "Sir Erroll", mshtakiwa mmemwita "Lodi Broughton", na mwishoni mkaandika kwamba cheo cha marehemu kilimwendea ndugu yake. Nilifundisha historia hapa Nakuru mpaka nikastaafu, na makosa haya nimeyasahihisha kwenye madaftari mengi mno kuweza kuyanyamazia gazetini.

Josslyn Hay, aliyekutwa ndani ya gari lake amepigwa risasi alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, alikuwa Earl wa Erroll, wa 22 tangu cheo hicho kianze. Kila Earl ni lodi, kwa hiyo huyo ndiye Lodi Erroll. Mshtakiwa, aliyeachiliwa huru Nairobi mwezi Julai mwaka huo, alikuwa Sir Jock Delves Broughton, baroneti wa 11 wa ukoo wake. Baroneti si lodi. Na neno Sir hushikana na jina la mtu, halishikani na la ukoo: ni Sir Jock, wala hakuna "Sir Broughton".

Ngazi zao ziko hivi. Malodi wa kurithi ni wa daraja tano: Duke, Marquess, Earl, Viscount na Baron. Karne na karne watu hawa waliingia Bunge la Malodi, baraza la juu la bunge la Uingereza, kwa sababu ya kuzaliwa tu, hadi sheria ya 1999 ilipowatoa wote isipokuwa 92. Chini yao yuko baroneti, ambaye anarithisha cheo chake lakini hakimpi kiti katika Bunge hilo. Chini zaidi yuko naiti. Huyu naye huitwa Sir, na hapo ndipo waandishi wetu wanapoteleza, kwa maana cheo cha naiti huzikwa na mwenyewe. Sir Apolo Kagwa, Katikiro (yaani waziri mkuu) wa Buganda, alipewa unaiti mwaka 1905; wanawe hawakuitwa Sir kwa ajili yake. Liwali wa Mombasa, Sir Ali bin Salim, vivyo hivyo. Ukimwandika Sir Jock na Sir Apolo kana kwamba cheo chao ni kimoja, msomaji hatajua kwamba mmoja alikikuta nyumbani kwa baba yake na mwingine alipewa yeye mwenyewe.

Kwa Waingereza wenyewe tofauti hizi zimebadili maisha ya watu. Tony Benn alikuwa mbunge wa kuchaguliwa. Baba yake, Viscount Stansgate, alipofariki mwaka 1960, mwana akawa lodi papo hapo bila kuulizwa, na kwa kuwa lodi hakuruhusiwa kukaa katika bunge la kuchaguliwa, akapoteza kiti chake. Ilimbidi apigane hadi sheria ya 1963 iliporuhusu mtu kuukataa ulodi. Tam Dalyell naye alirithi ubaroneti kupitia ukoo wa mama yake, lakini kwa kuwa baroneti si lodi, aliendelea kuwa mbunge wa kawaida hadi 2005, na hiyo Sir hakuitumia.

Kosa lililoniumiza zaidi, Mhariri, ni sentensi yenu isemayo kwamba ubaroneti "walitunukiwa mababu mashujaa". Ubaroneti ulianza kwa kuuzwa. Mwaka 1611 Mfalme James wa Kwanza alihitaji fedha za askari wa kuishika Ulster, kaskazini mwa Ireland, ambako ardhi ya Waairishi ilikuwa inagawiwa walowezi. Akabuni cheo kipya. Sharti la mnunuzi lilikuwa awe na pato la pauni 1,000 kwa mwaka kutokana na ardhi, na babu mwenye nembo ya ukoo. Kisha alipe mshahara wa askari 30 kwa miaka mitatu. Darasani tulikuwa tunaipiga hesabu ubaoni. Askari mmoja ni peni 8 kwa siku, 30 ni peni 240, ambazo kwa fedha za wakati ule ni pauni moja kamili. Siku za miaka mitatu ni 1,095. Basi bei ya kuitwa Sir, wewe na mwanao wa kiume na wa kwake, ilikuwa pauni 1,095. Ndiyo maana mkono mwekundu, alama ya Ulster, umo kwenye nembo za mabaroneti hadi leo. Wanafunzi wa Nakuru, ambao babu zao walizijua shamba za walowezi kwa kuzilima, hawakuhitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1625 Charles wa Kwanza alianzisha ubaroneti wa Nova Scotia, wa kuchangia makazi mapya ng'ambo ya Atlantiki, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Kanada. Kufika 1632 nchi ile ilikuwa imerudishwa kwa Wafaransa, lakini vyeo vilibaki kwa wenyewe. Na hata karne ya 20 biashara hii ilikuwa hai kiasi kwamba Uingereza ilitunga sheria mwaka 1925 ya kupiga marufuku kuuza heshima.

Hata historia yetu imo humo. William Mackinnon, mwenyekiti wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ile iliyoitawala nchi hii kabla ya serikali yao kuja, alifanywa baroneti mwaka 1889. Alikufa 1893 bila mtoto, na ubaroneti ukaishia hapo.

Sasa turudi kwa Lodi Erroll. Mgala muue na haki yake mpe. Cheo cha Erroll ni cha Uskoti, cha tangu 1452, na vyeo kadhaa vya Uskoti humwendea binti pasipokuwa na mwana wa kiume. Marehemu alikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka 15 aliyeitwa Diana Hay, na yeye ndiye aliyerithi Erroll. Kaka? Kaka hakupata. Ndugu wa marehemu alipata cheo kingine cha familia hiyo, ubaroni wa Kilmarnock wa 1831, ambao hupita kwa wanaume peke yao. Mmemfuta mtoto huyo katika jambo moja ambalo sheria za mabwanyenye hao, zinazowaruka mabinti karibu kila mahali, zilimtambua. Linganisheni na ubaroneti wa Denis Thatcher, mume wa Margaret Thatcher aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, uliotangazwa 1990. Alikuwa na mapacha, mvulana na msichana. Alipofariki mwaka 2003 cheo kilimwendea mvulana, na isingejalisha nani alitangulia kuzaliwa.

Mmeahidi sehemu ya pili Jumamosi ijayo. Naomba sahihisho liwe juu kabisa ya makala, na jina la Diana Hay liandikwe kwa ukamilifu wake.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Nakuru