Mwanangu, isome ile bili kabla hujasaini

Neema mama,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Na ile karatasi ya chuo nimeisoma mpaka maandishi madogo ya chini. Kwenye ada za lazima kuna ada ya michezo. Wewe mpira huchezi, na uwanjani sidhani kama utakanyaga, lakini utaulipia miaka minne, tena kwa pesa ya kukopa. Mkopo wa serikali ya Marekani kwa shahada ya kwanza mwaka 2025/26 una riba ya asilimia 6.39, na ule usio na ruzuku, yaani serikali haikulipii riba ukiwa masomoni, huanza kuzaa riba siku pesa inapotoka.

Watu hupenda kuvisema vyuo vikubwa. Ni kweli, Texas A&M walimfukuza kocha wao wa futiboli ya Kimarekani, Jimbo Fisher, mwaka 2023, na fidia ya kuvunja mkataba ikapita dola milioni 75. Nilicheka, kisha nikaguna. Lakini wale wana pesa za televisheni na matajiri wa kuwachangia. Wanaowaumiza watoto ni vyuo vya kati kama hicho chako: uwanja haujai, televisheni inawapa kidogo, ila wanataka kufanana na wakubwa. Pengo linazibwa na ada zenu. Na tangu mahakama iidhinishe, Juni 2025, mapatano ya kesi ya wachezaji wa vyuo, chuo kinaweza kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025/26. Wachezaji sina ugomvi nao, magoti yanayovunjika ni yao. Ninachouliza ni nani analipa.

Baba yako mdogo kule Dodoma anakatwa asilimia 15 ya mshahara kurudisha pesa za Bodi ya Mikopo, na kila tukiongea ni malalamiko. Ila deni lake ni la ada, chakula na malazi. Mshahara wa kocha haumo.

Usiniambie chuo bila timu kubwa si chuo. University of Chicago waliifuta futiboli mwaka 1939, na wasomi hawajaacha kukigombania chuo hicho.

Jumatatu wapigie ofisi ya fedha, waulize ada ya michezo ni kiasi gani kwa mwaka. Ukimaliza, uliza hivyo hivyo kwenye chuo cha miaka miwili hapa karibu na nyumbani. Mkopo wa wazazi sijakataa kuusaini, ila sishiki kalamu kabla sijaziona namba hizo mbili.

Baba yako